Kuligeuza faili la Kaka: shajara ya mradi

Kaka yangu mkubwa aliugua miezi saba. Alipofariki Novemba, nilibaki na faili la plastiki limejaa karatasi za hospitali: fomu za kulazwa na za kuruhusiwa, majibu ya vipimo, vikaratasi vya maelezo ya dawa, risiti. Kila nilipopita karibu nalo tumbo lilinikata. Kulitupa nilishindwa, kulifungua nilishindwa. Mwanzoni mwa Januari nikaamua kuligeuza: kuzichana karatasi zile, kuziloweka, kuzisaga na kuzitengeneza upya, kisha kuchora juu yake vitu alivyoviacha na kushona kitabu kimoja.

Mimi si msanii. Ni karani wa hesabu, na mara ya mwisho kuchora nilikuwa darasani. Naandika ili mwenye faili kama langu asirudie makosa yangu. Bei sitaziandika, kila mahali na zake. Nitaandika nilichotumia, nilichoharibu na muda ulioniponyoka.

9 Januari: kupima na kuchambua

Faili lilikuwa na uzito wa kilo 1.3. Karatasi ya kawaida ya A4, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina gramu 5 tu, na karatasi nene ya A5 (nusu ya A4) ya kutengeneza kwa mkono hula karibu gramu hizo hizo. Kwa hiyo A4 moja inatoa A5 moja. Nilitaka 60. Nikatenga 120, nikijua nusu zitaniharibikia.

Nilitoa pini zote za stepla (moja ikibaki inakula visu vya blenda), madirisha ya plastiki ya bahasha, na karatasi zinazong'aa, maana zimepakwa udongo na hazitoi nyuzi za maana. Nikatenga pia kila yenye mwandiko wa Kaka. Wiki zake za mwisho alikuwa na mrija kooni, hawezi kusema, akawa anatuandikia kwenye chochote kilichokuwa karibu.

Kazi ya saa nne, usiku, chini ya taa moja hafifu. Ikumbukeni hiyo taa mtakaofuata, nitairudia.

17 Januari: fremu

Fremu mbili za mbao zinazolingana, za kuchotea rojo la karatasi iliyosagwa, upana wa ndani A5. Ya chini ina wavu wa nailoni, ya juu ni tupu, kazi yake kuzuia rojo lisimwagike pembeni. Misumari, gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji, saa mbili na nusu.

Kosa: niliukaza wavu ukiwa mkavu. Ulipolowa ukalegea katikati kama kitanda cha kamba kilichochoka, na karatasi za majaribio zikatoka nene katikati na nyembamba kingoni. Niliung'oa, nikaulowesha, nikaukaza upya nikianzia katikati ya kila upande kuelekea pembe, na chini yake nikapigilia fito mbili za kuushikilia. Tangu hapo haujanisumbua.

25 Januari: risiti

Nilianza na risiti kwa sababu ndizo nilizozichukia zaidi. Nikazimwagia maji ya moto ili zilainike upesi. Mbele ya macho yangu zikageuka kijivu, kisha karibu nyeusi, zote, kama zimeungua ndani ya maji.

Risiti za mashine hazichapwi kwa wino. Zimepakwa kemikali inayobadilika rangi ikipata joto, na nyingi zina bisfenoli, ambayo si ya kuishikashika kwa mikono mitupu, sembuse kuisaga. Nilimwaga beseni zima la rojo nililokuwa nimeshachanganya, karatasi 20 hivi za kawaida zikaenda nazo. Na nilivyomwaga ndivyo nilivyokosea tena: nilimwaga kwenye sinki. Rojo likaganda kwenye bomba kama saruji, na fundi akatumia nusu siku. Rojo huchujwa kwa kitambaa, maji ndiyo yanayomwagwa. Risiti nimezitupa. Sikujisikia vibaya.

2 Februari: karatasi za kwanza

Hatua zenyewe ni fupi. Vipande vya ukubwa wa kidole gumba vinalowekwa usiku kucha. Konzi moja ndani ya blenda iliyojaa maji, sekunde 40. Mimina kwenye beseni la maji, koroga kwa mkono, zamisha fremu ikiwa wima, ilaze chini ya maji, inyanyue ikiwa sawa, itikise kidogo mbele na nyuma, iache ichuruzike. Ondoa fremu ya juu. Geuzia kwenye kitambaa cha pamba chenye unyevu, kamua kwa sifongo kupitia nyuma ya wavu, kisha nyanyua taratibu.

Hapo kwenye sifongo ndipo karatasi 11 za kwanza zilipochanika. Nilikuwa na haraka. Unadhani maji yamekwisha, unanyanyua, na nusu ya karatasi inakuja na wavu. Dawa yake ni kukamua mpaka sifongo litoke halina tone, halafu ukamue tena.

Zilizopona niliziweka juani. Jioni zilikuwa zimejikunja kama magome. Sasa nazibandika mbichi kwenye kioo, nazisugua kwa brashi pana kupitia kitambaa, naziacha kivulini. Siku moja na nusu. Zikiwa tayari zinajibandua zenyewe pembeni kwa sauti ndogo ya *tk*. Upande uliogusa kioo unakuwa laini kama wa dukani.

Usiku ule niliamka saa kumi kuangalia kama zimebanduka. Tangu Novemba nilikuwa naamka saa kumi kila siku bila sababu yoyote. Safari hii nilikuwa na sababu. Nikazigusa, bado, nikarudi kulala.

11 Februari: shati

Karatasi ya kusagwa mara ya pili ina nyuzi fupi, inakatika ukiikunja, na kitabu ni cha kukunjwa. Nguo ya pamba ina nyuzi ndefu. Nikaenda kwa wifi yangu kuomba shati moja la Kaka. Alifungua kabati akasimama muda. "Chukua hili la mistari," akasema. "Lile la bluu usiliguse, wifi."

Nilikata la mistari vipande, nikavitia kwenye blenda. Vikajisokota kwenye visu kama uzi kwenye cherehani mbovu, mota ikaguna, harufu ya kuungua ikajaa chumba. Blenda ikafa pale pale. Ndipo nikafanya kipimo ambacho ningepaswa kuanza nacho: kuchoma uzi mmoja. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wangu uliyeyuka ukawa shanga nyeusi ngumu. Shati lilikuwa na poliesta nyingi. Hata ningelisaga mwaka mzima lisingekuwa rojo.

Gharama ya siku hiyo: blenda moja, shati moja lisilorudi, na safari ya kurudi kwa wifi kumweleza. Hiyo ya tatu ndiyo niliyoihesabu sana kabla ya kuilipa.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo hilo la bluu ni pamba?" Tukachomoa uzi kwenye pindo, tukauchoma juu ya kisahani, sote tumeinama. Jivu. Akachukua mkasi mwenyewe, akakata kipande cha nyuma kutoka mabegani hadi chini, akanipa. Mbele, kola na mfuko vikabaki kwake, vinaning'inia kwenye hanga.

19 Februari: shati, mara ya pili

Kwa atakayefuata njia hii: vipande vya sentimita moja kwa moja, si zaidi. Chemsha saa tatu kwa magadi ya kufulia, sufuria isiwe ya alumini kwa sababu magadi yanaila. Vaa glavu, fungua madirisha. Suuza mpaka maji yatoke maangavu. Kisha nilitwanga kwenye kinu jioni tatu, kama saa moja na nusu kila jioni, nikamalizia kwa blenda ya kuazima, kijiko kimoja cha nyuzi kwa jagi zima la maji. Nilichanganya sehemu moja ya shati na sehemu tatu za karatasi.

Karatasi zilitoka na rangi ya maziwa yenye kivuli cha bluu. Ukiiinua moja kwenye mwanga unaona nyuzi zimelala kila upande. Inakunjika bila kukatika. Nilikunja, nikakunjua, nikakunja tena, kama mtoto.

23 Februari: kilichoelea

Nilikuwa nakoroga beseni la vipande vilivyolowekwa tangu jana yake. Kipande kimoja kikaelea kichwa juu, ukubwa wa stempu mbili. Wino wa bluu. Mwandiko wa Kaka.

*…bie Mama nimeku…*

Nilikaa sakafuni. Zile zenye mwandiko nilikuwa nimezitenga, au nilidhani hivyo. Lakini nilizitazama mbele tu, usiku, kwa taa ile. Nyuma ya fomu ya maabara alikuwa ametuandikia, nami nikaichana kwa mikono yangu.

Nilimimina beseni lote juu ya chujio, konzi kwa konzi, nikageuza kila kipande. Ilinichukua saa tano. Vilipatikana vinne. Viwili vilikuwa vya kalamu ya jeli, wino umeyeyuka, umebaki wingu la zambarau. Viwili vilikuwa vya kalamu ya kawaida ya kubofya, ambayo wino wake ni wa mafuta na hauogopi maji. Hicho cha kwanza, na kingine kimeandikwa *betri* tu. Mikupuo ya nyuma ilikuwa imeshasagwa, na humo sijui kulikuwa na nini.

Ushauri wa shajara hii nzima ni huu: geuza kila karatasi, pande zote mbili, mchana, mkiwa wawili.

Nilimpelekea Mama kipande kile kimelazwa juu ya kitambaa. Akavaa miwani. Akasoma, akasoma tena.

"Nimekula," akasema.

Ingeweza kuwa nimekumbuka. Ingeweza kuwa nimekusudia. Mama alisema nimekula, na kwamba ndivyo alivyokuwa kila siku, anamdanganya amekula. Akacheka kidogo, akafuta miwani. Nikakiacha kibaki hivyo.

16 Machi: nimesimama

Wiki tatu sikugusa kitu. Rojo nililolisahau kwenye ndoo lilioza likanuka. (Kama unasimama, lichuje, likamue, lianike liwe matonge makavu, utaliloweka siku ukirudi.) Niliosha ndoo, nikaiweka juu ya kabati.

Nilisoma sana siku hizo. Nilisoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel cha Marekani wa mwaka 2016: watu wazima 39 walikaa dakika 45 wakitengeneza chochote walichotaka, na kwa takriban robo tatu yao kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka. Waliowahi kufanya sanaa na wasiowahi hawakutofautiana. Habari njema. Ila mimi siku hizo nilijiona nimo kwenye ile robo iliyobaki, ambayo wenye kuhimiza sanaa huwa hawaisemi.

Aliyenifaa zaidi ni Käthe Kollwitz, mchoraji na mchongaji wa Ujerumani. Mwanawe Peter aliuawa vitani Ubelgiji Oktoba 1914, akiwa na miaka 18. Kabla mwaka haujaisha mama alishaanza kupanga sanamu ya kumkumbuka. Akaifanya, akaivunja, mwaka 1919 akaiacha kabisa. Miaka ikapita ndipo akairudia, ikiwa imeshabadilika: si kijana tena, ni wazazi wawili wamepiga magoti, kila mmoja peke yake. Mwaka 1932 iliwekwa kwenye makaburi alipozikwa Peter. Miaka karibu 18, sawa na umri wa mtoto mwenyewe. Na mimi nilikuwa najilaumu kwa wiki tatu.

24 Machi: karatasi iliyohitajika

Kosa lingine la Januari likaja kudai deni lake. Ofisi inayoshughulikia mafao ya Kaka ilitaka fomu halisi ya kuruhusiwa ya mara ya pili. Fomu hiyo ilikuwa imekauka kwenye kioo changu, imegeuka A5. Nakala iliyothibitishwa ilipatikana baada ya safari nne na kiapo kimoja. Wifi ndiye aliyesimama kwenye foleni mbili kati ya hizo. Sikuwa na la kusema ila samahani.

Kabla ya kuchana chochote, subirini mirathi na mafao yaishe, au pigeni picha kila kitu na mtunze nakala halisi za vyeti, fomu za kuruhusiwa na chochote chenye mhuri. Mhuri uwe ndiyo alama yenu ya kusimama.

30 Machi hadi mwanzoni mwa Aprili: wino unaotambaa

Nilishusha ndoo. Nilikuwa na karatasi 43 nzuri. Nikachukua kalamu ya wino nikaanza kandambili za Kaka. Mstari ukatambaa pande zote kama mizizi, ndani ya dakika kandambili zikawa madoa mawili. Karatasi isiyopakwa kitu ni kama karatasi ya kukaushia, inakunywa wino.

Inahitaji kupakwa jelatini: gramu 15 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Jaribio la kwanza nilizamisha karatasi za juzi moja kwa moja, nne zikayeyuka mkononi. Karatasi changa bado haijashikamana. Niliziacha zilizobaki zikae siku kadhaa zaidi, kisha nikazilaza juu ya wavu na kupaka kwa brashi laini, upande mmoja, nikausha, halafu wa pili. Hapo wino unakaa ulipowekwa. Zimebaki 39. Nimeufuta mpango wa 60.

18 Aprili: kandambili

Nachora kitu kimoja kila jioni, dakika 45, kwa heshima ya wale watu 39. Kandambili, saa isiyokwenda, redio isiyo na kifuniko cha betri, bomba la sindano aliloligeuza la kutilia mafuta cherehani.

Mtoto wa Kaka, ana miaka tisa, alikuja kukaa nami likizo. Akasimama nyuma ya bega langu siku nzima ya kwanza bila kusema kitu. Siku ya pili akasema, "Shangazi, umekosea. Ya kushoto ilifungwa waya."

Nilikuwa na kandambili zenyewe mbele yangu, nusu mita. Nikainama. Kweli, chini ya mkanda wa kushoto, pale unapoingilia kwenye soli, kulikuwa na waya mwembamba wa shaba umezungushwa mara tatu, ncha yake imekunjwa ndani ili isimchome. Miaka yote nimeziona mlangoni na sikuwahi kuuona.

"Alifunga lini?"

"Mimi ndiye nilikata waya. Yeye akafunga."

Nilichora upya. Yeye akashika kioo cha kukuzia na kuhesabu mizunguko. Kisha akaniambia habari za kifuniko cha redio, kilipokwenda. Sitaiandika hapa, aliniambia mimi.

Naulizwa kama nimepona. Naweza kujibu kwa hesabu tu: Aprili hii nimelala hadi alfajiri siku 14 kati ya 18. Desemba sikuwa nahesabu, lakini ningehesabu ningepata sifuri. Faili likiwa tupu bado linanikata tumbo nikiliona, kwa hiyo nimempa mtoto aweke kadi zake.

9 Mei: kushona

Michoro 32. Mafungu manne ya karatasi nane, kila karatasi imekunjwa katikati, uzi wa kitani uliopakwa nta, mashimo matano kwa kila fungu. Kosa moja: nilitoboa mashimo kila fungu kivyake, yakapishana, mgongo ukapinda. Tengeneza kipimo kimoja cha karatasi ngumu, toboa yote kwa hicho. Nililifumua na kulishona upya, saa tatu.

Karatasi saba zilizobaki: mbili nimetumia mwanzo na mwisho wa kitabu. Nne zina madoa, nimezitunza. Ya saba nilipachika kipande cha *…bie Mama nimeku…* kwa kukibandika kwa gundi ya wanga, kwa sababu sikuthubutu kukirudisha majini. Mama ameiweka ndani ya droo yake, hataki fremu wala kioo. Anasema akitaka kuisoma ataitoa.

Matumizi mpaka leo: A4 zipatazo 120, theluthi ya shati la bluu, shati zima la mistari, blenda moja, fundi wa bomba mmoja, jelatini gramu 60, na saa zinazokaribia 110 bila kuhesabu za foleni.

16 Mei

Mtoto ameleta madaftari yake ya darasa la tatu, anataka kitabu chake. Tumeyageuza kurasa zote, mchana, sisi wawili. Aliokoa moja yenye nyota ya mwalimu na moja aliyochora lori. Rojo limetoka na vidoa vyekundu vya kalamu ya kusahihishia, anasema ndiyo vizuri. Karatasi tisa ziko kwenye kioo cha dirisha. Amelala akiwa amenitaka ahadi kwamba nisizibandue kabla hajaamka.